Puli Huvutwa, Haipigwi Nyundo: Zana Sahihi za Kubadili Puli ya Krenki Iliyochakaa

Barabara za Wilaya ya Moshi hupanda na kushuka bila kulipumzisha gari. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Gari litokalo Himo likiwa na abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi huilazimisha injini kutoa nguvu zake zote wakati wa kupanda. Likirudi, mzigo wote huangukia breki. Hali ni hiyo hiyo kwa magari yaendayo Kibosho, Uru, Old Moshi na Kirua Vunjo. Katika safari hizo zote, kupoa kwa injini, na kwa baadhi ya magari hata uwezo wa breki, hutegemea kipande kimoja cha chuma kisichozidi upana wa sahani. Kipande hicho ni puli ya krenki.

Puli hiyo ikichakaa hubadilishwa, na kazi yenyewe si ngumu kwa fundi mwenye zana zinazofaa. Asiye na zana hizo huikamilisha kwa nyundo na tindo, na madhara yake huonekana baadaye, pengine gari likiwa mteremkoni. Makala haya yanaeleza dalili za puli iliyochakaa, zana zinazohitajika, mpangilio wa kazi, na mahali ambapo mafundi wa kata wanaweza kupata msaada wa kumiliki zana hizo.

Kazi ya puli ya krenki

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka. Krenkishafti, ambayo wengi huiita krenki kwa ufupi, hugeuza mwendo huo kuwa mzunguko unaofika hatimaye kwenye magurudumu. Upande wa mbele, ncha ya krenki hutokeza nje ya injini, na hapo ndipo puli hufungwa kwa bolti moja kubwa ya katikati. Puli huzungusha mkanda, na mkanda huzungusha altaneta inayochaji betri. Katika magari mengi huzungusha pia pampu ya maji inayopoza injini na pampu ya usukani.

Wamiliki wa magari ya dizeli wana sababu ya ziada ya kuijali puli. Injini ya petroli aghalabu huipatia busta ya breki mvuto wa hewa kutoka kwenye njia yake ya kuvutia hewa. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mvuto wa kutosha wa namna hiyo, hivyo huwekewa pampu maalumu. Katika injini nyingi za Toyota za jamii ya 2L, 3L na 5L, ambazo zimetumika sana kwenye Hiace, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta na huzungushwa na mkanda huo huo. Puli ikiharibika na mkanda ukatoka, pampu husimama. Dereva hubaki na akiba ya kukanyaga breki mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe.

Puli za zamani nyingi ni chuma kitupu. Za magari mengi ya sasa zina sehemu tatu: kitovu cha chuma kinachokaa kwenye krenki, pete ya nje inayobeba mkanda, na mpira ulioshikamanisha viwili hivyo. Mpira huo una kazi yake. Kila pistoni inaposukumwa na mlipuko wa mafuta, krenki hujipinda kidogo sana na kurudi. Mpira na pete ya nje hupunguza mtikisiko huo ili krenki isichoke na kupasuka.

Dalili za uchakavu

Mpira huzeeka kwa joto, na huoza upesi zaidi ukilowa oili inayovuja kwenye sili ya mbele ya krenki. Kwa puli za chuma kitupu, vumbi na matope husaga mifereji ya mkanda mpaka mkanda ukakaa chini mno na kuanza kuteleza. Mmiliki wa gari aangalie mambo yafuatayo:

1. Mlio mkali wa mkanda injini inapowashwa au gari linapopanda mlima, usiokoma hata baada ya mkanda kubadilishwa.

2. Puli inayoyumba inapozunguka badala ya kuzunguka katika mstari mmoja.

3. Mpira uliopasuka, uliovimba au unaochungulia nje ya pete.

4. Mkanda unaokatika au kutoka mara kwa mara, au unga mweusi kuzunguka puli.

5. Taa ya betri kuwaka njiani pamoja na kupanda kwa joto la injini.

Kuna jaribio ambalo mwananchi anaweza kulifanya bila kununua chochote zaidi ya rangi kidogo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, puli ifutwe vizuri, kisha upigwe mstari mmoja mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye kitovu, juu ya mpira, hadi kwenye pete ya nje. Gari litumike siku chache. Mstari ukikutwa umekatika, sehemu ya kitovu ikiwa hapa na ya pete ikiwa kule, mpira umeachia na puli haifai tena.

Anayetazama puli injini ikiwaka asimame kando, mbali na mkanda. Kanga, shuka, tai, mikono ya shati inayoning'inia na nywele ndefu vifungwe kwanza.

Zana zinazohitajika

Zana za kazi hii zimegawanyika katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la usalama. Zinahitajika jeki, stendi mbili imara, na vigingi vya kuzuia magurudumu. Jeki ni ya kuinulia gari. Stendi ndiyo ya kulishikilia. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, wala juu ya mawe au matofali. Kwa kuwa sehemu tambarare ni adimu kwenye vihamba vya milimani, ni heri gari lipelekwe kwenye uwanja uliosawazishwa na mgumu kuliko kulifungulia kwenye mteremko wa nyumbani.

Kundi la pili ni la kufungulia. Bolti ya puli hukazwa kuliko bolti nyingine nyingi za mbele ya injini. Inahitaji soketi nzito yenye pembe 6 inayoingia bila kuchezacheza. Soketi yenye pembe 12, au iliyolika, huviringisha kichwa cha bolti. Soketi hiyo hushikwa na mpini mrefu wa nusu inchi. Pamoja nayo huhitajika kishikio cha puli, yaani chuma cha kuizuia krenki isizunguke bolti inapofunguliwa. Puli nyingi zina matundu mawili au zaidi kwenye kitovu, na mchomeleaji wa kawaida anaweza kutengeneza kishikio kwa kutoboa kipande kirefu cha fleti baa na kukifunga kwa bolti mbili zinazoingia kwenye matundu hayo. Pasipo kishikio, gari lenye gia za mkono linaweza kuwekwa kwenye gia ya juu kabisa huku msaidizi akikanyaga breki. Njia hiyo haifai kwa gari la gia otomatiki.

Kundi la tatu ni la kutolea. Hapa zana ni moja: pula. Ina skrubu kubwa ya katikati inayosukuma ncha ya krenki, na mikono au bolti zinazoivuta puli. Pula inayofaa zaidi kwa puli yenye mpira ni ile inayofungwa kwa bolti kwenye matundu yenye uzi ya kitovu. Pula ya makucha ikishikishwa kwenye pete ya nje huinyofoa pete na kukiacha kitovu palepale. Iwapo kitovu hakina matundu yenye uzi, makucha yashike nyuma ya kitovu chenyewe, si kwenye pete.

Kundi la nne ni la kufungia na kupimia. Zana kuu ni spana ya kupimia mkazo, ambayo mafundi huiita toki renchi. Zinahitajika pia rula iliyonyooka, brashi ya waya laini, kitambaa safi na oili kidogo. Kila injini ina kipimo chake cha mkazo kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kwa mfano, injini ya Toyota ya 1NZ-FE, inayopatikana katika magari mengi ya Probox, hukazwa kwa Newton-mita 128. Maana yake ni sawa na kuning'iniza uzito wa takriban kilo 13 kwenye ncha ya mpini wenye urefu wa mita 1, au kilo 26 kwenye mpini wa nusu mita. Kipimo hicho ni cha injini hiyo tu, na hakifai kuhamishiwa injini nyingine kwa kukisia.

Mpangilio wa kazi

Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi, na injini iachwe ipoe. Waya hasi wa betri ufunguliwe ili injini isiweze kuwashwa kwa bahati mbaya.

Pili, mbele ya gari iinuliwe na kuwekwa juu ya stendi. Katika magari mengi madogo, gurudumu la mbele la upande wa mkanda na ngao ya matope huondolewa ili puli ifikike. Kama krenki itazuiwa kwa gia na breki badala ya kishikio, bolti ya puli ilegezwe kabla gurudumu halijaondolewa.

Tatu, njia ya mkanda ipigwe picha kwa simu au ichorwe kwenye karatasi, kisha mkanda ulegezwe na kutolewa. Mkanda uliopitishwa vibaya unaweza kuizungusha pampu ya maji kinyumenyume, na injini ikachemka ilhali rejeta imejaa.

Nne, puli ishikwe kwa kishikio na bolti ifunguliwe, kwa injini nyingi kinyume cha mwendo wa saa. Bolti ikigoma, iongezewe urefu wa mpini na mafuta ya kulegeza kutu, si nyundo.

Tano, kabla ya kufunga pula, kipande cha chuma laini kiwekwe kwenye ncha ya krenki ili skrubu ya pula isiharibu uzi wa ndani. Pula ikazwe polepole huku ikiangaliwa kama imekaa sawa pande zote. Puli huachia taratibu na kutoka mzima mzima.

Sita, vikaguliwe vitu vitatu vilivyofichwa na puli ya zamani. Cha kwanza ni kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoifungamanisha puli na krenki isiteleze. Cha pili ni mfereji wa kii kwenye krenki, ambao kingo zake zinapaswa kuwa kali na zilizonyooka. Cha tatu ni sili ya mbele. Ikiwa inavuja, ibadilishwe wakati huo huo, kwani oili itauoza mpira wa puli mpya kama ilivyouoza wa kwanza.

Saba, puli mpya iwekwe kando ya ile ya zamani na vilinganishwe kipenyo, idadi na kina cha mifereji, urefu wa kitovu na alama za taimingi. Puli inayofanana kwa macho lakini yenye kipenyo tofauti hubadili mwendo wa altaneta na pampu ya maji.

Nane, ncha ya krenki isafishwe, mdomo wa sili upakwe oili kidogo, na puli isukumwe kwa mkono ikifuata kii. Ikikaza, ivutwe ndani kwa bolti inayofaa. Mwisho, bolti ikazwe kwa toki renchi hadi kipimo cha kitabu. Pale kitabu kinapotaka bolti mpya, ya zamani isirudishwe.

Tisa, mkanda urudishwe na kukazwa. Betri iunganishwe, injini iwashwe, na puli itazamwe kama inazunguka bila kuyumba. Baada ya safari fupi, ikaguliwe tena.

Oili chafu na maji ya rejeta yenye dawa vikingwe kwenye chombo. Visimwagwe kwenye mifongo, mifereji ya asili inayopeleka maji mashambani, kwani majirani walio chini huyatumia maji hayo hayo.

Makosa yanayogharimu injini

Kosa la kwanza ni kuing'oa puli kwa nyundo. Pigo la nyundo halikomei kwenye puli. Husafiri ndani ya krenki hadi kwenye beringi zake, na huweza pia kuipinda puli na kuipasua.

Kosa la pili ni kuchomelea pete na kitovu pale mpira unapoachia. Puli huonekana imepona na mkanda huzunguka. Lakini mpira uliokuwa ukipunguza mtikisiko hauna kazi tena, na mtikisiko wote hurudi kwenye krenki. Mkereza vyuma anaweza kutengeneza upya puli ya chuma kitupu kwenye mashine yake. Puli ya mpira iliyoachia haina tiba isipokuwa kubadilishwa.

Kosa la tatu ni kukaza bolti kwa kukisia. Bolti iliyolegea huruhusu puli kucheza. Puli inayocheza huigongagonga kii, kii hupanua mfereji wake, na mwishowe ncha ya krenki huharibika. Hapo gharama si tena ya puli moja, bali ya kushusha injini nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kosa la nne ni kuegemeza mpini wa soketi kwenye fremu ya gari na kupiga starta ili bolti ijifungue yenyewe. Mpini ukichomoka huruka kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono au kutoboa jicho. Njia hii haina nafasi katika gereji inayojali maisha.

Mkanda ukitoka safarini

Dereva anayepanda akiona taa ya betri imewaka na joto linapanda, asimame mahali salama na kuzima injini. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kabla injini haijapoa. Anayeshuka akihisi pedali ya breki imekuwa ngumu asiipige pigapiga, kwani kila pigo humaliza akiba iliyobaki. Aikanyage kwa nguvu na kwa mfululizo, ashushe gia, avute breki ya mkono kidogo kidogo, na aondoke barabarani mapema iwezekanavyo. Usukani nao unaweza kuwa mzito, hivyo aushike kwa mikono miwili.

Msaada uliopo kwa mafundi na wananchi

Mafundi wengi wa pembezoni wanajua kwamba puli huvutwa. Wanachokosa ni pula na toki renchi. Zana hizi hazitumiki kila siku, na kwa sababu hiyo si lazima kila fundi awe na zake. Mafundi watano wa kata moja wanaweza kumiliki seti moja na kuitunza kwa daftari la kuazimana.

Vikundi vinavyotaka mtaji vina njia ya kisheria. Kwa marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi hupaswa kusajiliwa na kuwa na mradi unaoeleweka, na gereji ya pamoja yenye orodha ya zana na bei zake ni mradi wa namna hiyo. Mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kwa upande wa ujuzi, chuo cha VETA mjini Moshi hufundisha ufundi wa magari. VETA pia ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, hivyo aliyekulia gereji anaweza kupata cheti kwa kazi anayoijua tayari. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lipo pia mkoani Kilimanjaro na hutoa ushauri kwa watengenezaji wa zana na vipuri.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Anaponunua puli, abebe ya zamani kwa ajili ya kulinganisha na adai risiti, maana risiti ndiyo ushahidi wake kipuri kikiwa bandia. Na kabla ya kukabidhi ufunguo, amuulize fundi maswali matatu: Una pula ya puli hii? Krenki utaizuia kwa nini isizunguke? Bolti utaikaza kwa kipimo gani? Fundi mwenye majibu ya maswali hayo anastahili kuaminiwa na gari litakalowashusha abiria milimani. Asiye nayo aombwe, kwa heshima, aazime zana kwanza.